Mkomamanga Usio na Kibati

Ilikuwapo nchi, na bado ipo, kwa kuwa haijapewa ruhusa ya kuondoka. Jina lake halipatikani kwa sasa. Wataalamu waligundua kwamba limechakaa kwa kulaaniwa, likapelekwa matengenezoni, na mpaka leo halijarudi. Wenyeji husema "hapa kwetu" na mambo yanakwenda. Nchi hiyo haina shida. Zamani ilikuwa nazo tele, lakini Mlezi Mtukufu, anayetawala tangu babu zetu wakiwa na meno, alizipiga marufuku kwa tangazo moja la redio, na tangu siku hiyo mtu akikutwa na shida anaulizwa ameitoa wapi.

Ndani ya nchi hiyo mna mji mdogo wa Kisimani, na ndani ya Kisimani mna Chama cha Bustani. Usidhani ni chama cha siasa. Vya siasa viliunganishwa vikawa kimoja, na hicho kimoja kikapewa likizo. Hiki ni chama cha wanawake watu wazima wenye udongo kwenye kucha, ambao kila mwaka, mvua za kwanza zikishanyesha, huuza miche kwenye uwanja wa soko. Mwenyekiti wao, Mwalimu Persila, mstaafu mwenye sauti ya kengele ya shule, ndiye aliyewafundisha namna ya kufanikisha mauzo. Mche unanyweshwa jana yake, si asubuhi ya mauzo, usije ukamchafulia mteja nguo. Mirefu nyuma, mifupi mbele. Usimuuzie mtu mche kabla hujamuuliza kama kwake kuna jua au kivuli. Na kubwa kuliko yote, kopo lisilo na kibati haliuzwi.

Kibati chenyewe kilitokana na desturi ya mji. Mtu akifa, arobaini ikishapita, wanachama huenda uani kwake na kukata kipandikizi cha mti au ua alilolipenda. Hukilea kwenye kopo la maziwa hadi kishike mizizi, kisha hukata kipande cha bati, wakachora jina la marehemu kwa msumari na kulifunga kwenye shina. Kwa hiyo siku ya mauzo hakuna anayeulizia asumini wala waridi. Watu huuliza, "Bi Fatu mnaye?" na wao hujibu, "Yupo, baba, chukua huyu mwenye machipukizi." Mnunuzi hupokea kopo kwa mikono miwili na kusema, "Apumzike." Muuzaji hujibu, "Nawe umtunze." Bi Fatu, ambaye uhai wake wote hakuna nyumba iliyomtolea kiti kwa sababu ya ulimi wake, sasa ananukia kwenye kila kibaraza.

Jina la aliye hai halifungwi. Kuna mwanamke aliwahi kufunga la mke mwenzake, kwa bahati mbaya kama alivyoeleza mwenyewe, na mke mwenza akashikwa na homa papo hapo. Ilibidi wazee waingilie kati na mbuzi achinjwe. Tangu hapo kila mtu anasoma kibati mara mbili kabla ya kufunga fundo.

Katika chama hicho hakuna aliyekuwa na mkono wa heri kama Bi Mwajabu. Wenzake walimtania kwamba angechomeka mpini wa jembe, ungechipua. Lakini kila mwaka, pamoja na miche yake mizuri yenye vibati, alileta mkomamanga mmoja ndani ya ndoo kuukuu ya rangi, shina likiwa tupu. Aliuweka mwisho wa meza. Wateja waliupita kwa heshima, na jioni alirudi nao nyumbani kichwani.

Mti mama wa mkomamanga huo uliota kutokana na mbegu aliyoitema Hemedi, mtoto wa pekee wa Bi Mwajabu, enzi hizo akiwa bado anatembea bila suruali. Hemedi alikua akawa fundi redio, kijana mpole mwenye kasoro moja: swali likimwingia kichwani, lilitokea mdomoni. Mji ulipokusanywa uwanjani kushukuru kwa kuletewa bomba la maji, bomba ambalo halijapata kutoa hata tone, Hemedi alinyoosha mkono akauliza, "Sasa maji yenyewe yanakwenda wapi?" Hakukusudia ubaya. Mafundi ndivyo walivyo, wakiona waya wanataka kujua unaishia wapi. Jioni ile gari jeupe lilisimama mbele ya kibanda chake, na waliokuwamo wakamwomba kwa adabu apande, wakamwonyeshe maji yanakokwenda.

Bi Mwajabu alikwenda kituoni, akaambiwa hayupo. Akapanda hadi wilayani, akaambiwa hayupo na hajapata kuwapo. Akawapelekea cheti cha kuzaliwa. Wakakichukua wakichunguze, kikaenda kukaa pamoja na jina la nchi. Aliendelea kwenda kila alipopata nauli, na kila mara kijana wa dirishani alimtazama paji la uso, si macho, akamwambia maneno yaleyale.

"Mwajabu, shoga yangu," Mwalimu Persila alimwambia mwaka mmoja wakipanga makopo, "mfungie mtoto kibati. Watu wamchukue, awe kwenye nyua za watu. Hivi ulivyomweka, hayuko huku wala kule."

"Nani kaniambia amekufa?"

"Hakuna."

"Basi na mimi sijui. Siku atakaponitazama mtu machoni akaniambia, nitamfungia kwa mkono wangu."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Hakutaka fidia wala kuombwa radhi, alitaka kuambiwa.

*

Sasa, wilaya ya Kisimani ilikuwa na Mkurugenzi wa Mafanikio, Bwana Furahini Chakupewa. Maofisa wa nchi hiyo huletwa kutoka mbali kwa makusudi, wasije wakaelewana na watu, na huyu aliishi juu mlimani, zilipo ofisi za wilaya, kwenye Nyumba ya Wageni wa Serikali, mahali pekee wilayani ambapo majani yalikuwa mabichi hata mwezi wa kiangazi. Mwaka huo mafanikio yalikuwa yamemkaukia. Zahanati aliyoizindua ilikutwa haina mlango, ni ukuta pande zote nne, na mgonjwa wa kwanza alilazwa nje akiiangalia. Makao Makuu yakaanza kuuliza. Ndipo aliposikia kwamba kuna wanawake wanauza miche na kwamba miche yenyewe huwa inaisha.

Kwanza alitangaza redioni kwamba mauzo yamefana kupita matarajio. Kisha akateremka kuwaarifu wanawake ili wajiandae kuyafanya.

"Kina mama," alisema, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda iliyotandikwa zulia, "kazi kubwa imekwisha kufanyika, nayo ni kufaulu. Mmebakiziwa ndogo tu ya kuuza. Kijani ni rangi. Rangi ni mwelekeo. Na mwelekeo, kina mama, ni Mlezi." Akanyamaza, nao wakapiga makofi kwa kuwa amenyamaza.

Akashuka kukagua. Akainama kwenye kopo la kwanza, la pili, la tatu, akisoma kwa sauti.

"Shomari Tindo. Rukia Mapande. Shomari Tindo tena. Hawa ni kina nani? Ni wanachama hai?"

Mwalimu Persila alikohoa. "Ni watu tunaowapenda, mheshimiwa. Tunawakumbuka."

"Mnawapenda kuliko Mlezi? Mbona jina lake silioni hapa?"

Hata kuku wa sokoni wakaacha kupekua. Inafaa kueleza hapa kwamba nchi hiyo ina Sheria ya Uhai Mrefu, inayokataza kulitaja jina la Mlezi pamoja na neno lolote la kufa, hata kwa kukanusha. Mzee mmoja wa huko, katika kumsifu, aliwahi kusema Mlezi hatakufa kamwe. Yuko gerezani hadi leo kwa neno la pili. Kwa hiyo desturi ya Kisimani haikuwa na namna ya kuelezwa bila mwelezaji kwenda kumfuata mzee huyo.

"Jina hilo, mheshimiwa," Mwalimu Persila alijaribu, kila neno akilipima, "hapo si mahali pake."

"Kuna mahali katika nchi hii pasipokuwa pake?"

Mwalimu Persila akakaa chini.

Agizo likatoka palepale. Vibati vyote vifunguliwe, na kila mche, uwe wa ua, wa tunda au mchaichai, ufungiwe jina la Mlezi Mtukufu. Wanawake wakashika misumari. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Bi Mwajabu alichora kama wengine, herufi baada ya herufi, akiukandamiza msumari kwa hasira.

"Miaka yote hii nimekataa kumfungia mwanangu," alimnong'oneza Mwalimu Persila. "Leo nimemfungia huyu."

"Chora, mwenzangu," Mwalimu Persila alijibu. "Chora isomeke."

*

Siku ya mauzo, waliotangulia walisoma kibati kimoja, wakarudi mbio walikotoka. Bwana Chakupewa alianza kutokwa na jasho. Lakini walikuwa wamekimbilia kuwaita wenzao. Haukupita muda mji wote ukamiminika uwanjani, na nyuma ya mji vijiji, wote kimya. Wanawake walikuja wamejitanda kanga, wanaume wakaja kofia mikononi. Baadhi walileta unga na sukari. Mtu akatandika mkeka pembeni, na wazee wakakaa wakinong'ona yale wanayonong'ona watu wakikaa mkekani namna hiyo.

"Mlezi mnaye?"

"Yupo, tele. Kwako kuna jua au kivuli?"

"Jua."

"Basi mchukue huyu wa waridi."

"Apumzike."

"Nawe umtunze."

Foleni ilizunguka soko. Nyuso zilikuwa nzito kama inavyopasa, ingawa chini ya kanga mabega ya wengi yalitikisika, na si rahisi kumjua anayelia na asiyelia mtu akishajifunika. Bwana Chakupewa aliposikia "apumzike, apumzike" ikipita kutoka mdomo hadi mdomo, macho yalimlowa. Akasogelea kipaza sauti cha redio na kuwaeleza wasikilizaji kwamba wananchi wa Kisimani wanaona jinsi Mlezi anavyojichosha kwa ajili yao na wanamwonea huruma. Wakampa mkono mmoja mmoja, wakamwambia pole. Naye akawajibu asanteni sana, tumeshapoa.

Alipofika mwisho wa meza akaukuta mkomamanga, shina tupu. Akatoa kibati mfukoni, alikuwa akitembea navyo vya akiba, na akakifunga kwa mkono wake mwenyewe. Bi Mwajabu akatazama. Jina la mtu aliyemnyang'anya mwanawe lilikuwa linaning'inia kwenye shina la mwanawe. Akalifungua.

"Huu una mwenyewe, mheshimiwa."

"Nani?"

"Mwanangu. Hemedi."

Jina hilo lilimgusa mahali Bwana Chakupewa, maana aliacha kutabasamu kabla hajapanga kuacha. "Yuko wapi?"

"Nimekuwa nikiwauliza ninyi."

Alimtazama Bi Mwajabu paji la uso. Kisha akaona mpiga picha anakuja, akageuka. Bi Mwajabu akaitia ndoo ndani ya kanga yake na kwenda nayo nyumbani. Huo ndio mche pekee ambao haukuuzwa siku hiyo.

*

Mafanikio yakizidi nayo huleta balaa. Redio ilikuwa imerusha kila kitu, pamoja na sauti ya wazee mkekani. Wilaya ya jirani, ambako desturi ya vibati inajulikana, wakashusha bendera nusu mlingoti. Wilaya iliyofuata wakaona bendera ya jirani, nao wakashusha yao wasionekane hawana uchungu. Nchi rafiki ikatuma salamu za rambirambi na shada la maua. Ikabidi Mlezi Mtukufu mwenyewe aingie redioni kuthibitisha kwamba yuko hai. Alithibitisha kwa kukohoa, kwa kuwa hotuba ilikuwa bado inaandikwa.

Bwana Chakupewa aliitwa Makao Makuu. Kila mtu Kisimani alidhani hatarudi, na Mwalimu Persila akawa anatembea na kifurushi cha nguo zake tayari. Lakini nchi hiyo haikosei, kwa hiyo haiwezi kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo haikulifanya. Alirudi amekonda, na Tangazo mkononi. Likasomwa uwanjani, juu ya kreti ileile.

Tangazo lilisema kwamba, kuanzia sasa na kurudi nyuma, jina lililofungwa kwenye mche ni uthibitisho kwamba mwenye jina ni mzima na mwenye afya. Vibati vya zamani virudishwe vyote, ili ijulikane kwamba Mlezi hakuwekwa kwenye kundi baya. Anayesema vinginevyo anavunja Sheria ya Uhai Mrefu.

Ndivyo marehemu wote wa Kisimani walivyofufuliwa kabla ya chakula cha mchana. Matatizo yakaanza. Mzee Shomari Tindo akaandikiwa kosa la kutohudhuria msaragambo, zile kazi za pamoja za mji. Mume wa Rukia Mapande, aliyekwisha kuoa tena, akaitwa aeleze kwa nini hamhudumii mke mkubwa. Kuhusu kupiga kura hakukuwa na usumbufu, maana marehemu wa nchi hiyo walikuwa wakipiga tangu zamani. Kila siku jamaa zao walipanga foleni barazani, kwenye Nyumba ya Wageni wa Serikali, kujibu kwa niaba yao.

Bi Mwajabu alilisikiliza Tangazo hadi mwisho, akaenda nyumbani, akaketi mbele ya ndoo ya rangi. Kwa mji wake, kibati kilikuwa kifo. Kwa sheria, kikawa uhai. Alikaa akiufikiria mlango huo mwembamba uliofunguliwa na watu wasiojua walichokifungua. Akachukua kipande cha bati na msumari, akachora: Hemedi. Alipofunga fundo alijisemea kwamba anafunga kwa maana ya serikali, kwa maana ya serikali tu. Machozi yakamtoka hata hivyo.

Asubuhi akajitwika ndoo, akapanda mlima.

*

"Mheshimiwa," alisema, akiiweka juu ya meza ya Bwana Chakupewa, "Tangazo linasema aliyefungiwa yuko hai. Nimekuja kumchukua."

Mlango ulikuwa wazi na foleni ya barazani ilikuwa inasikiliza. Bwana Chakupewa akainuka, akaufunga, akarudi.

"Mama, kifungue hicho kibati."

"Kukifungua ni kusema hayuko hai. Sheria inakataza."

"Mtu huyo hajapata kuwapo."

"Hajapata kuwapo, na yuko hai na afya njema. Umelisoma mwenyewe pale uwanjani, baba. Mimi sina ubishi na Tangazo. Nipe mwanangu niende."

Bwana Chakupewa alijifuta shingo. Alikuwa mtu aliyezoea kusema mambo mawili yasiyopatana, lakini hakuwahi kuyaona yamewekwa pamoja juu ya meza yake, ndani ya ndoo.

"Mama yangu, nielewe," alisema, na sauti ikashuka. "Ukitoka na jina hilo, Makao Makuu watalisikia. Wataniambia, aliye hai aonekane. Mimi nitamtoa wapi?"

"Ulikomweka."

"Huyu hawezi kuwa hai!" Yalimtoka. Akautazama mlango, akaendelea upesi, kwa kunong'ona, kama mtu anayetapika na hawezi tena kujizuia. "Wale wengine sawa, serikali inaweza kuwasema ni wazima, nani atajali. Huyu siwezi. Nilikuwapo, mama. Nilikuwa dereva wa lile gari. Nilipewa kazi hii kwa kuwa nilikuwapo na nikanyamaza. Aliuliza maji yanakwenda wapi. Tulimwonyesha, tukamwacha hapohapo."

Akageuza uso dirishani. Bi Mwajabu akageuka naye. Nje kulikuwa na uwanja wa majani mabichi, umekatwa vizuri, na bomba la kunyunyizia linazunguka katikati yake taratibu. Alikuwa ameupita uwanja huo kila alipokuja kuuliza. Siku moja ya jua kali alikaa pembeni yake kupumzisha miguu.

"Niangalie," alisema.

Bwana Chakupewa hakutaka. Halafu akamwangalia, machoni.

"Amekufa?"

"Amekufa, mama."

Bi Mwajabu akashika ukingo wa meza. Alikuwa ameingoja sentensi hiyo miaka, na alidhani ikija itamwondolea mzigo. Haikumwondolea kitu. Ilimchoma tu, mahali pamoja sasa, badala ya kila mahali.

"Sasa kifungue," Bwana Chakupewa aliomba.

"Sifungui. Kimeandikwa sawasawa." Akaikumbatia ndoo. "Ukiulizwa, sema yuko hai. Ndiyo sheria yenu."

Akafungua mlango. Barazani, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mjane wa Mzee Shomari, aliyekuja kueleza kwa nini mumewe hafiki kwenye msaragambo. Mjane akauona mkomamanga, akakiona kibati, akasoma. Kisha akamtazama Bi Mwajabu.

"Mwajabu. Umemfungia?"

"Nimeambiwa," Bi Mwajabu alisema.

Foleni nzima, iliyokuwa imeketi sakafuni, ikainuka na kusimama. Askari wa barazani alitazama huku na huku akitafuta kosa, lakini watu walikuwa wanasimama tu, na kibati kilikuwa halali. Mjane wa Shomari akanyoosha mikono yake miwili.

"Apumzike."

Bi Mwajabu aliishikilia ndoo kidogo zaidi. Kisha akaiachia.

"Nawe umtunze," alisema.